Soda ya Damu ya Kwanza

Hivi nyie, asubuhi mkifunua mfuniko wa tangi la kromu, kitu gani kinazama cha kwanza? Najua mtanijibu bampa, mtanijibu rimu, na yule mwenye maneno mengi atasema ni mkono wa fundi. Hapana wanangu. Inazama pua. Chuma bado kinaning'inia kwenye ndoano, kinasubiri umeme uwashwe, pua yako imeshaingia na kutoka.

Siku mliyoniaga mliniambia niseme machache. Nikasimama pale na kitenge changu kipya begani, nikacheka, nikasema ahsanteni, nikakaa. Mkadhani bibi kaishiwa maneno. Mie niishiwe maneno? Nilinyamaza kwa sababu Bosi Ketan alikuwa ndo kwanza ameuliza lile swali lake, na mjukuu wangu Zuhura alikuwa ameshamjibu. Sasa Zuhura anaanza Jumatatu, kwenye tangi langu lile lile. Kwa hiyo leo nasema, najirekodi kwenye hii simu mpaka chaji iishe, na ninaosema nao ni nyie mtakaosimama naye. Kuna jambo nataka kuwaomba. Lakini nikiliomba tu hivi hivi mtasema bibi anaona wivu kazi yake imechukuliwa. Ngoja nianzie lilikotoka.

Pale karakana yetu ya kupaka vyuma kromu nilifika nikiwa muuza maandazi. Nilikuwa nakaa Magomeni, chumba kimoja, Shaban mgongoni, baba yake ameondoka. Hakufa, aliondoka tu, na mpaka leo sijui kama ameshafika. Asubuhi nakaanga, natia kwenye ndoo, naingia Kariakoo, nazunguka kwenye karakana za nyuma ya Mtaa wa Msimbazi. Mafundi walikuwa wanayapenda maandazi yangu kwa sababu hayakuwa na hewa ndani. Andazi la wengine ukiling'ata unakuta chumba na sebule.

Karakana ya Mzee Jayanti ilikuwa hiyo hiyo mnayoijua, ila bati lilikuwa jipya. Mzee Jayanti, baba yake Ketan, alikuwa Mhindi mfupi, mtaratibu, hali nyama wala yai. Asubuhi anawasha ubani mbele ya picha za miungu yake, halafu ndo anawasha mashine. Sijawahi kumsikia akimtukana mtu. Nalisema hilo mapema msije mkafikiri nawasimulia habari za shetani. Haya yote tulifanyiwa na mtu mpole, na ndo maana tulichelewa kuyaona.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Temba, Mchaga wa Rombo, mrefu, mwimbaji wa kwaya. Huyu bwana alikuwa hatumii saa. Anazamisha chuma, anaanza kuimba polepole kwa ile sauti yake nzito, ubeti ukiisha anainua. Nikeli ina wimbo wake, kromu ina wimbo wake mfupi. Mie Mwislamu wa Magomeni, nyimbo za kanisani ninazijua zote, na ninajua kila mmoja unang'arisha nini.

Sasa siku moja nawagawia maandazi, Mzee Temba ameinua usukani wa baiskeli kutoka kwenye maji ya kusuuzia. Nikasema tu, bila kutumwa na mtu, "Huo bado una mafuta."

Akanigeukia. "Umejuaje?"

"Maji yamekaa matone matone. Sufuria yangu ikiwa haijatakata inakuwa hivyo hivyo. Ikitakata, maji yanalala kama shuka."

"Nani kakufundisha?"

"Sufuria."

Alicheka mpaka akaweka usukani chini. Halafu akaurudisha kwenye magadi ya moto, akautoa, akausuuza, maji yakalala. Haikupita wiki nyingi nikawa naosha vyuma, masufuria nimemwachia jirani. Jirani alianza kukaanga maandazi kama vyumba vya kupanga, lakini hayo si ya leo.

Mzee Temba alinifundisha kama mtu anayemfundisha mdogo wake. "Kazi yetu yote ni kuzamisha, Mama Shaban," aliniambia. "Tunazamisha ili tujue, tunazamisha ili kikomae, tunazamisha ili kipendeze. Ukizichanganya hizo tatu umeharibu mali ya watu."

Ya kwanza, ya kujua. Chuma kimeletwa, wewe utajuaje kama kina ufa? Jicho halioni. Unakilaza kwenye mafuta ya taa, unakiacha kinywe. Mafuta ya taa yana tabia ya mbea, yanaingia hata pasipoingia unywele. Ukikitoa unakifuta kabisa, kikavu, kisafi, halafu unakipaka maji ya chokaa, unakaa pembeni. Chokaa ikikauka inakuwa nyeupe kama ukuta wa Idi. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yanatoka yenyewe, yanachora mstari. Hakuna aliyeulizwa, kimejisema chenyewe. Siku hizi mna dawa nyekundu za kopo, za kupuliza, ni sawa. Lakini umeme ukikatika na duka limefungwa, chokaa ipo.

Ya pili, ya kukomaza. Hapa ndo kuna raha yake. Tindo inawekwa motoni mpaka iwe nyekundu, na nyekundu ziko nyingi. Kuna nyekundu ya tofali, hiyo bado. Kuna nyekundu ya kunazi lililoiva, hiyo ndo yenyewe. Ikipita hapo ikawa ya chungwa, umeshaipika kupita kiasi. Unaitoa, unaizamisha kwenye oili ikiwa imenyooka wima, juu na chini, juu na chini, usiipeleke kushoto na kulia kama unakoroga uji, itapinda. Mwanzoni mie niliona oili ni uchafu, nikatia tindo kwenye ndoo ya maji. Ikasema tik. Sauti ndogo tu, kama mtu amevunja njiti ya kiberiti. Mzee Temba hakunigombeza. Alinishika mkono, akanionyesha ufa, akasema, "Umeisikia? Hiyo ndo sauti ya chuma kinapokufa. Ukishaisikia mara moja huisahau." Kweli, sijaisahau.

Ya tatu, ya kupendezesha, ndo iliyonilea mie na iliyonila. Magadi ya moto, maji, asidi, maji, nikeli, maji, kromu, maji. Maji kila katikati, kwa sababu tangi moja likionja la mwenzake yote yanaharibika. Tangi la nikeli ni la kijani, zuri, unaweza ukadhani ni juisi. La kromu ni jekundu lililoungua, kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Ukiwasha umeme linachemka vipovu vidogo vidogo, na vile vipovu vikipasuka vinarusha ukungu. Hauuoni vizuri mpaka jua la dirishani liupige. Mie nilikuwa nauona mzuri, unapaa kama vumbi la dhahabu. Nilikuwa nauinamia ili nione kama rimu imeshika.

Na hapo juu ya tangi palikuwa na feni. Kofia kubwa la bati, bomba limetoka nje, feni inavuta ule ukungu inautupa juu ya paa. Nilipofika mimi ilikuwa inafanya kazi. Halafu mota ya gurudumu la kung'arishia ikaungua, wateja wamejaa mlangoni, Mzee Jayanti akasema tuazime mota ya feni kidogo. Ile kidogo haijaisha mpaka leo. Nyie mnaong'arisha mkikaa kwenye gurudumu lile, jueni mnazungusha feni.

Tulimkumbusha. Mzee Temba alimkumbusha mbele yangu.

"Fundi," Mzee Jayanti akamjibu kwa ule upole wake, "feni napoza tangi yangu. Tangi baridi, kromu nakuwa nyeusi. Wewe najua."

Ni kweli, tangi likipoa kromu inakuwa nyeusi nyeusi. Mzee Temba akaitikia kwa kichwa. Na kuanzia hapo ndo yakaja maziwa. Kila siku saa nne mke wake Mzee Jayanti anatuma sufuria la maziwa, yamechemshwa na iliki, kila fundi kikombe chake. Maziwa yanaosha kifua, ndo tulivyoambiwa. Tukayanywa, tukashukuru, tukawasifia kwa wenzetu wa karakana nyingine ambao bosi wao hawapi hata maji. Yalikuwa matamu, wanangu. Hilo nalo linaniuma. Yangekuwa mabaya labda tungeuliza.

Sasa tufike kwenye soda. Siku moja nimeinamia tangi, natundika rimu za pikipiki, nikaona tone limedondoka kwenye maji ya kusuuzia. Jekundu. Nikadhani ni kromu, nikajifuta, kumbe linatoka kwangu. Pua inatoka damu bila kugongwa na mtu. Nikaogopa, nikainua kichwa juu. Mzee Temba akaacha kuimba, akapiga kopo kwa nyundo, karakana nzima ikasimama.

"Imetoka," akasema. "Mama Shaban ametoa damu. Leo amebatizwa."

"Mzee Temba, mie Mwislamu."

"Basi umesilimu upya. Leteni soda."

Wakacheka, wakanipigia makofi, mmoja akaenda duka la kona akarudi na soda za machungwa, ya kwangu ikafunguliwa kwanza. Ndo ilikuwa desturi ya pale. Mgeni akianza kazi ya kromu hawamwiti fundi, wanamwita mwosha vyombo. Siku pua ikitoa damu, ananunuliwa soda, na kesho yake anaitwa fundi. Wenye kazi hiyo hawakuwa wakiulizana damu imetoka kwa nini. Waliulizana imetoka lini. Na ukichelewa walikutania. "Wewe mbona hutoi, unajificha nyuma ya tangi?"

Nilirudi Magomeni nimeziba pua moja kwa pamba, nimenyanyua kichwa kama bibi harusi. Nikamwambia Shaban, bado mdogo haelewi kitu, "Mama yako leo amekuwa fundi."

Miaka ikaenda. Kazi nzuri zilipita mikononi mwangu, sitawadanganya. Nimepiga kromu vitanda vya hospitali, usukani wa magari ya maharusi, vyetezo vya watu wa Zanzibar, kombe la mpira la mtaa fulani ambalo halikuwahi kushindaniwa. Nilijua kuipangia rimu ndoano mpaka umeme ufike kwenye kona zote, siyo kama nyie mnavyoning'iniza kama nguo za kufuliwa. Na palikuwa na kazi chungu. Iliwahi kuletwa shafti ya mashine ya kusaga unga, mwenyewe ni mama mmoja wa Buguruni, anataka ing'arishwe iwe kama mpya. Mzee Temba akailaza kwenye mafuta ya taa, akaipaka chokaa, tukangoja. Mstari ukatoka, mwembamba, umezunguka shingo ya shafti kama mkufu.

"Hii haifai kupakwa," akasema. "Hii ni ya kutupwa."

Mzee Jayanti akaangalia, akaangalia na foleni ya kazi. "Mteja naomba kromu, fundi. Hakuomba ushauri. Kromu nafunika."

Ikazamishwa. Ikatoka inawaka, ungeweza kujitengenezea nyusi humo. Mama wa Buguruni alifurahi mpaka akatuachia ndizi. Haikukaa, ikarudi vipande viwili ndani ya kiroba, na yule mama amesimama mlangoni anatutukana mafundi, maana bosi alikuwa amesimama nyuma ya meza na shati jeupe, nani atamtukana mtu wa shati jeupe. Mzee Temba aliinama akaokota vile vipande. Jioni aliniambia, "Ulipoona ule mstari ndo ulikuwa mwisho wa kuuona. Ukishapaka, hata mimi siuoni." Aliisema kawaida tu, kama mtu anayesema mvua inakuja. Sikujua kama nitakuja kuikumbuka nikiwa nimelala chali kwa daktari.

Ile damu ya pua ilinisumbua muda, halafu ikaacha. Nikaona nimepona. Badala yake ikaja filimbi. Nikilala, nikivuta pumzi, pua inapiga mluzi mdogo, fiii, fiii. Zuhura nimemlea mie, baba yake, huyo Shaban wangu, yuko njiani na malori, akirudi anarudi, asiporudi anapiga simu. Zuhura alikuwa analala na mimi kitanda kimoja. Alikuwa anawaambia wenzie, "Bibi yangu akilala anapiga filimbi," na mie nacheka, nampigia na mchana kwa makusudi, nafanya kama treni. Mtoto alikuwa halali bila ile filimbi. Harufu nayo ikaondoka polepole, sikujua imeondoka lini. Niliunguza wali mara nyingi nikililaumu jiko.

Mzee Temba kifua kikambana, akaomba kwenda kwao kupumzika. Tulimsindikiza mpaka stendi na blanketi. Mie nikabaki na tangi.

Halafu mafua yakanishika yasiyoisha, nikaenda hospitali. Daktari alikuwa binti mdogo, umri kama wa Zuhura wa leo. Akanilaza, akaniwekea kitaa puani. Akahamia upande mwingine, akazima taa ya chumba.

"Bibi," akasema, "nimemulika kulia, mwanga unatokea kushoto. Ukuta wa katikati umetoboka. Unafanya kazi gani?"

"Napiga kromu, mwanangu."

Akavuta kiti akakaa. Akanieleza kwamba ule ukungu ni asidi, unakula nyama ya pua taratibu, unaanza na kidonda, kidonda kinatoa damu, halafu panatoboka. Na pua ndo mlango tu, unaendelea mpaka kifuani. Maziwa hayaufuati huko, yanaenda tumboni.

"Damu ilianza lini?" akaniuliza.

"Zamani. Walininunulia soda."

Nikacheka, maana mie nikisema kitu nacheka. Yeye hakucheka.

Jioni nikampigia Mzee Temba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi." Sauti ile nzito imekuwa kama ya mtu aliyefunikwa blanketi.

"Nimeambiwa nina tundu puani."

Akakohoa muda mrefu. Nikasikia kuku kwa mbali. "Hata mimi ninalo. Tangu hujaja hapo."

"Na hukuniambia?"

"Nilidhani ni la kazi, Mama Shaban. Kama seremala anavyokuwa na sugu. Fundi aliyenifundisha alikuwa nalo. Aliniambia likishatoboka damu inakoma, unastarehe."

Ningemwambia nini, na yeye ndo kwanza anajua kuwa ni ugonjwa? Tuliongea habari za migomba yake, tukaagana. Hakufika mvua za masika. Walimzika kwenye hiyo migomba, nyumbani kwake. Nimemlilia na nimemkasirikia, vyote viwili kwa pamoja, na mpaka leo sijamaliza hata kimoja. Mtu yule alinipa kazi ya mikono, alinipa heshima, Shaban alisoma kwa sababu yake. Na ni yeye aliyenifungulia soda.

Mtaniuliza kwa nini niliendelea. Nilikuwa nimeshakuwa mtu mzima, Zuhura yuko shule, na kitu kilichotoboka hakirudi. Nilimweleza Ketan, baba yake ameshafariki. Ketan si mtu mbaya, amekulia pale, nimemfuta makamasi. Alisikitika kwa dhati. Akaongeza maziwa, yakawa ya pakiti.

Sasa siku ya kuniaga. Keki imekatwa, mmenipa kitenge na saa ya ukutani, saa ya mtu ambaye hana tena pa kuwahi. Ketan anasimama anasema, "Bibi Hawa, mkono wako tutaupata wapi tena? Nyumbani huna mtu?" Swali la utani, la kupamba sherehe. Na Zuhura aliyekuja kunibebea zawadi, yuko mlangoni na begi lake, anasema, "Mimi nipo." Mkapiga makofi. Nyie mkapiga makofi.

Tulipofika nyumbani nikamwambia, "Kesho unaenda kumwambia ulikuwa unatania."

"Sikuwa natania, Bibi."

"Una cheti chako cha kuchomelea."

"Ninacho. Kiko kabatini kinakaa baraza na mende. Mimi nauza kava za simu kwa kutembea, mgambo wakitokea nakimbia na boksi kichwani. Unataka niendelee kukimbia mpaka lini?"

"Kimbia. Miguu mizima si unayo."

"Bibi, wewe umenilea kwa hilo tangi."

"Ndo maana nakukataza."

"Siyo mara moja nimekusikia unavyohadithia. Rimu, vyetezo, nyimbo za Mzee Temba. Unang'aa usoni. Hujawahi kung'aa hivyo ukihadithia kitu kingine. Halafu unataka nisitamani?"

Hapo alinimaliza. Mie mdomo wangu huu ndo umemvuta. Miaka yote ninachekesha, kumbe natangaza kazi. Nikamwonyesha pua. Nikamwambia shika simu, mulika huku, angalia kule. Akaangalia. Akazima tochi, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Lakini asubuhi hakubadilisha neno. Alienda kwa Ketan akamwambia atakuja ila anataka ile feni. Ketan akamwambia tutaangalia. Mnalijua hilo tutaangalia, hata mie nimestaafu nalo.

Basi nawaomba. Ukubwa wangu wote kwenu nauleta hapa. Msimwite mwosha vyombo. Mwiteni fundi siku ya kwanza, mtoto wa watu anajua kuchomelea kuliko nusu yenu. Mota ya feni irudisheni mahali pake, gurudumu la kung'arishia litafutiwe jingine, na kama Ketan hataki, simameni wote, mkisimama wote ataona foleni ya wateja ikisimama na nyie. Mpaka irudi, mfundisheni asiinamie tangi, afunike pua na mdomo, ajipake mafuta mgando ndani ya pua kabla hajafunua, anawe kabla hajala. Maziwa mnywe kwa sababu ni matamu.

Na akitoa damu, msilete soda. Msipige kopo. Msicheke. Mzimieni umeme wa tangi, mtoeni nje, mpigieni bibi yake. Yule atakayemfungulia Zuhura soda siku hiyo, nitamjua, na nitakuja na miguu yangu hii mibovu.

Jana Jumamosi mchana tulikuwa uani, nachambua mchele. Akaleta kigoda akakaa mbele yangu, akanipa simu yake imewaka tochi, akainua uso. "Angalia, Bibi. Uone ilivyo kabla sijaanza."

Nikaweka miwani. Nikamulika upande mmoja, nikachungulia upande wa pili. Hapakuwa na mwanga. Ukuta wake mzima, mwanga umegota pale pale, nyama inawaka nyekundu kwa ndani, nyekundu safi kama kiganja cha mtoto ukikiweka mbele ya taa. Nilikaa nauangalia mpaka akaniambia shingo inauma. Sijawahi kuona kitu kizima namna ile, na mie nimepitisha vyuma vingi mkononi.

"Mzima?" akaniuliza.

"Mzima."

Nikazima tochi, nikarudi kwenye mchele, nachambua hata yasiyo mawe. Yeye akabaki kwenye kigoda. Halafu akanishika magoti yote mawili, akasema, "Bibi, nakuahidi. Kila Ijumaa nikirudi kutoka kazini nakaa hapa, unanimulika. Na Ijumaa utakayoniambia basi, ni basi. Sitakuuliza umeona nini, na sirudi kule hata kuchukua kandambili zangu."